Wapimwe watu kabla ya shimo la Kabanga

Kila aliyezaliwa Rulenge, Nyakahura au Biharamulo mjini, mkoani Kagera, kuanzia miaka ya 1960 amebeba mwilini mwake kitu kilichotoka kwenye mabomu ya nyuklia. Hakuna bomu la aina hiyo lililowahi kulipuliwa karibu na Mto Kagera, wala halikuhitajika. Kati ya mwaka 1945 na 1980 Marekani, Umoja wa Kisovieti, Uingereza, Ufaransa na China zilifanya majaribio zaidi ya 500 angani, na milipuko hiyo ikatengeneza kaboni-14 nyingi kiasi kwamba kufikia katikati ya miaka ya 1960 kiwango chake hewani katika nusu ya kaskazini ya dunia kilikuwa kimekaribia mara mbili ya kile cha asili. Hewa haina mpaka. Baada ya muda mfupi kaboni hiyo ilishafika kusini mwa ikweta, mgomba ukaivuta, maharage yakaivuta, na aliyekula akaihifadhi. Kiasi chenyewe ni kidogo na hakijulikani kumdhuru mtu kwa namna anayoweza kuiona. Hata hivyo kinasomeka. Mwaka 2005 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walionyesha kwamba gamba gumu la jino la mtu aliyezaliwa katika zama hizo hutaja mwaka wake wa kuzaliwa kwa kukosea mwaka mmoja na nusu hivi. Mzee wa Ngara ambaye cheti chake kiliandikwa kwa kukisia ana jino linalojua zaidi ya cheti. Njia hiyohiyo imetumika kwenye pembe za ndovu zilizokamatwa kati ya mwaka 2002 na 2014, ikaonekana kwamba tembo wengi walikuwa wameuawa chini ya miaka mitatu kabla ya pembe zao kunaswa, kwa hiyo hadithi ya kwamba ni pembe za zamani zilizotoka maghalani ikaanguka.

Ninaanza na kaboni hii kwa sababu inathibitisha jambo ambalo mjadala wetu wa madini hulirukaruka: mwili wa binadamu hutunza kumbukumbu ya kile kilichoachiwa hewani, majini na udongoni, iwe aliyekiachia amekiri au amekana. Ila kumbukumbu hiyo haina maana yoyote mpaka apatikane mtu wa kuilinganisha na hali iliyokuwepo kabla. Wilayani Ngara, Kabanga, kuna nikeli iliyogunduliwa tangu miaka ya 1970, na sasa ina kampuni ya ubia, Tembo Nickel, ambayo Serikali inamiliki asilimia 16 ya hisa zake na ambayo ilipewa leseni maalumu ya uchimbaji mwaka 2021. Uzalishaji bado haujaanza. Hoja yangu ni moja: kabla haujaanza, miili ya watu wanaouzunguka mgodi huo ipimwe, matokeo yatunzwe, na wenye miili wapewe majibu yao. Anayeona kuwa ninaunganisha mambo yasiyohusiana, mabomu ya Wazungu na nikeli ya Ngara, na atazame jinsi vumbi la mabomu lilivyopimwa kwa watu, lilipopimwa vizuri na lilipopimwa vibaya.

Lilipimwa vizuri St. Louis, Marekani. Kati ya sumu zilizotoka kwenye mabomu, iliyoogopwa zaidi ilikuwa strontiamu-90, kwa sababu mwili huichukulia kama kalsiamu na kuipeleka kwenye mifupa na meno. Hupungua nusu kila baada ya miaka 29 hivi, kwa hiyo ile iliyoanguka mwaka 1963 bado ina zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano. Mwishoni mwa mwaka 1958 kamati ya raia na wanasayansi wa mji huo, wakiwemo daktari Louise Reiss na mwanabiolojia Barry Commoner, ilianza kuwaomba wazazi meno ya utoto yanayong'oka. Kila jino lilikuja na kadi: mtoto alizaliwa lini, mama aliishi wapi alipokuwa mjamzito, mtoto alinyonya au alilishwa maziwa ya kopo. Mtoto alirudishiwa kibeji cha kujivunia kwamba ametoa jino lake kwa sayansi. Kazi ya maabara haikuwa ya mkato. Jino moja lina strontiamu kidogo mno, kwa hiyo meno yalipangwa kwa mwaka wa kuzaliwa na yakapimwa kwa mafungu. Strontiamu-90 yenyewe ni vigumu kuisoma moja kwa moja, hivyo kwa kawaida mpimaji huisafisha kwa kemikali kisha husubiri kama wiki mbili mpaka izae itriamu-90, na hapo ndipo mashine huhesabu. Meno yapatayo 320,000 yalikusanywa kabla mradi haujafungwa mwaka 1970, na ikaonekana kwamba watoto waliozaliwa mwaka 1963 walikuwa na strontiamu-90 takriban mara 50 ya waliozaliwa mwaka 1950. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1961, wakati Washington inabishana na Moscow kuhusu majaribio. Mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya angani ulisainiwa Agosti 1963, na Tanganyika nayo ikaweka saini yake mwaka huohuo.

Sisemi kwamba meno ya watoto ndiyo yaliyoandika mkataba ule. Siasa ilikuwa na sababu zake nyingi. Ninachotaka kisitupite ni kwamba bila meno ya mwaka 1950 yale ya mwaka 1963 yasingesema lolote. Mtu angesimama na kudai kwamba watoto wa St. Louis wamekuwa hivyo siku zote, na hakuna ambaye angekuwa na cha kumjibu. Tena kuna jambo la pili, ambalo wale wa mwaka 1958 hawakulipanga. Mwaka 2001 meno kama 85,000 ambayo hayakuwa yametumika yaligunduliwa kwenye stoo ya Chuo Kikuu cha Washington mjini humo, na sasa watafiti wa Harvard wanayatumia kuchunguza madini kama risasi na afya ya wenye meno hayo, ambao wamekwisha kuwa watu wazima. Yalitolewa kwa ajili ya swali la mabomu, leo yanajibu swali la metali.

Sasa tuje kwetu. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari za mionzi, UNSCEAR, ilikadiria vumbi la mabomu kwa kuigawa dunia katika mikanda ya latitudo, nyuzi kumi kumi. Kwa hesabu hiyo takriban robo tatu ya strontiamu-90 ilianguka kaskazini mwa ikweta, na mkanda wetu, unaoanzia ikweta kushuka kusini, ulipata kidogo. Ni habari njema, na sina sababu ya kuikataa. Lakini tazama mkanda huo unavyomchukulia mkulima wa Bugarama, Ngara, kuwa sawa na mvuvi wa visiwa vya Indonesia. Strontiamu haiingii mwilini kwa latitudo, inaingia kwa mlo. Marekani hofu yote ilikuwa kwenye maziwa, na kumbe ng'ombe alikuwa anawakinga: mwili wake huchuja, hivyo maziwa hutoka na strontiamu kwa kila gramu ya kalsiamu takriban sehemu moja ya kumi tu ya ile iliyokuwa kwenye majani aliyokula. Anayepata kalsiamu yake kwenye maharage, majani ya maboga na nafaka hana ng'ombe wa kumchujia. Na mmea ulioota kwenye udongo wenye tindikali na uhaba wa kalsiamu, kama ulio sehemu nyingi za Kagera, huvuta strontiamu zaidi. Kwa hiyo watu wawili waliodondokewa na vumbi sawasawa wanaweza kutofautiana mifupani kwa sababu mmoja anakunywa maziwa asubuhi na mwingine anakula ndizi kwa maharage. Wasami, wafugaji wa kulungu wa kaskazini ya Ulaya, walilionyesha jambo hili kwa seziamu-137, sumu nyingine ya mabomu. Katika miaka ya 1960 walipolazwa kwenye mashine za kupima mwili mzima walikutwa na kiwango kikubwa mara nyingi kuliko majirani zao wa kusini, kwa kuwa kuvu-mwani wanaoliwa na kulungu hunyonya kila kinachotoka hewani, na wao waliishi kwa nyama ya kulungu. Hakuna wastani wa nchi ambao ungeligundua hilo. Liligunduliwa kwa sababu watu wenyewe walipimwa.

Hapo ndipo Kabanga inapoingia. Mgodi wa nikeli hauna uhusiano na mabomu, na sitaki msomaji wa Ngara aamke kesho akidhani anachimbiwa mionzi. Mwamba wa Kabanga ni wa salfaidi, una nikeli, shaba na kobalti, na salfaidi ikichimbuliwa na kukutana na hewa na maji hutoa tindikali inayoweza kubeba metali hadi kwenye vijito. Wahandisi wanalijua hili na wana njia za kulidhibiti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi kama huu ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na katika tathmini za namna hii kawaida ni kupima maji, udongo, hewa, kelele na wanyama. Binadamu huhesabiwa kwa kaya, mashamba, makaburi ya kuhamishwa na idadi ya zahanati. Metali iliyomo mwilini mwake leo haimo katika orodha hiyo ya kawaida. Ajabu ni kwamba sheria yetu nyingine imekwisha kubali kanuni ninayoidai. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya anapoajiriwa, apimwe akiwa kazini, na apimwe anapoondoka. Maana yake ni wazi: akiugua, pawepo na kumbukumbu ya alivyokuwa alipoingia. Kijana wa Ngara akiajiriwa mgodini anapata kinga hiyo, wakati mdogo wake anayechota maji bondeni chini ya mgodi huohuo haipati, ingawa yeye hana kofia ngumu, hana kinyago, na hatoki kazini saa kumi jioni.

Biharamulo ni funzo la upande wa pili, la kuchelewa. Dhahabu imechimbwa kwa miaka mingi huko na wilaya za jirani, kwa migodi rasmi kama ule wa Tulawaka uliofunguliwa mwaka 2005 na baadaye kuchukuliwa na Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, kupitia kampuni yake ya STAMIGOLD, na kwa maduara ya wachimbaji wadogo. Kwa wadogo tatizo ni zebaki. Mawe hupitia karasha, unga huoshwa kwenye mwalo, zebaki hukamata dhahabu, kisha donge huchomwa juu ya mkaa, mara nyingi uani, watoto wakiwa karibu. Mwaka 2003 na 2004 mradi wa kimataifa wa zebaki chini ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, UNIDO, ulipima mkojo, damu na nywele za watu zaidi ya 200, wengi wao wa Rwamagasa, Geita, pamoja na kundi la kulinganishia kutoka Katoro. Wachomaji wa dhahabu ndio waliokutwa na zebaki nyingi zaidi, na baadhi yao tayari walikuwa na dalili za kusumika. Ilikuwa kazi nzuri. Udhaifu wake haukuwa wa watafiti bali wa wakati: walifika baada ya miaka mingi ya uchomaji, wakalazimika kuwalinganisha watu wa Rwamagasa na watu wengine badala ya kuwalinganisha na wao wenyewe kabla ya zebaki. Mwenye kutaka kubisha ana mlango. Atasema mji ule una samaki tofauti, maji tofauti, watu waliohamia juzi. Ngara bado ina nafasi ambayo Rwamagasa haikuipata.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni la kiasi. UNSCEAR wenyewe wanasema kipimo cha mionzi kutokana na majaribio ya mabomu, kwa wastani wa dunia, kilifika kilele cha milisivati 0.11 mwaka 1963 na sasa kimeshuka hadi kama 0.005 kwa mwaka, wakati mionzi ya asili, kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, ni milisivati 2.4. Kama strontiamu yote ile ya mabomu imeishia kuwa tone, nikeli ya mgodi mmoja ina uzito gani? Nakubali takwimu, lakini haziendi pale zinakotaka kutupeleka. Kwanza, kilele kilikuwa mwaka 1963 kwa sababu majaribio ya angani ya mataifa makubwa mawili yalisimama, na kupima ni miongoni mwa yaliyoyasimamisha. Pili, wastani wa dunia ndio uleule unaomficha Msami. Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, kipimo kikirudi na jibu kwamba hakuna kitu, jibu hilo ni mali. Kampuni ambayo miaka 15 ijayo itashutumiwa kwa kila mimba iliyoharibika na kila kikohozi itatamani sana kuwa na jedwali la kabla. Mwanakijiji aliyeumia kweli atalihitaji jedwali hilohilo. Ni nadra kwa pande mbili zinazogombana kufaidika na karatasi moja, na sielewi kwa nini kila upande unasubiri mwingine aitishe.

La pili ni fedha: wilaya yenye malaria, yenye wajawazito wanaosafirishwa umbali mrefu, ikapime nikeli kwenye mkojo? Ningelikubali pingamizi hili kama fedha zingetoka kwenye bajeti ya dawa. Lakini tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 kampuni inatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri husika. Fungu hilo limezoeleka kwenda kwenye madarasa, madawati na visima, mambo yanayopigwa picha vizuri. Sampuli za mkojo, nywele na kucha za watu mia chache, pamoja na meno ya watoto wa darasa la kwanza yanayong'oka yenyewe, hazihitaji jengo. Mkojo na kucha ni kwa ajili ya nikeli na kobalti, nywele kwa zebaki, meno kwa risasi na kwa maswali ambayo bado hayajaulizwa. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda Mwanza, na Tume ya Nguvu za Atomu, iliyoko Arusha na iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, imezoea kupima mionzi kwenye vyakula vinavyovuka mipaka. Tumekubali kwamba shehena ya chakula isivuke mpaka bila kujulikana imebeba nini, na kwa mlaji tunaona uzito.

La tatu ni hofu, na hili sitalipitia haraka, kwa sababu mkoa wa Kagera umeona hofu inavyofanya kazi. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwapo kwa washukiwa wa ugonjwa wa Marburg, na taarifa ya kwanza ya Serikali ikawa kwamba sampuli zilizopimwa hazikuwa na virusi. Siku chache baadaye, tarehe 20, Rais Samia Suluhu Hassan alithibitisha mjini Dodoma, akiwa pamoja na mkurugenzi mkuu wa shirika hilo, kwamba mgonjwa mmoja wa Biharamulo amekutwa navyo. Machi 13 mlipuko ukatangazwa kumalizika, watu kumi wakiwa wamefariki, wawili wakiwa wamethibitishwa kwa maabara na wanane wakihesabiwa kuwa huenda ulikuwa ugonjwa huohuo. Ninachokisoma hapo ni hiki: watu wa Biharamulo walistahimili kuambiwa ukweli. Zile siku za katikati, baada ya kauli ya kwanza na kabla ya ya pili, ndizo zilizozaa uvumi. Anayesema wananchi wataingiwa na hofu wakiona tarakimu za metali kwenye miili yao anasahau kwamba tayari wana hofu, ila haina tarakimu.

Pingamizi lililobaki ndilo lenye nguvu kuliko yote, na wanaolitoa ni watu ninaowaheshimu: kwamba kupima miili ya maskini kuna historia chafu. Ni kweli. Wakati St. Louis inakusanya meno kwa ridhaa, tayari tume ya atomu ya Marekani ilikuwa na mradi wake, Sunshine, ulioanza mwaka 1953, ambao ulikusanya mifupa ya maiti kutoka nchi mbalimbali, ya watoto wachanga ikiwemo, mara nyingi wazazi wasijue. Mengi ya mambo hayo yaliwekwa wazi katika miaka ya 1990. Na kisiwani Rongelap, katika visiwa vya Marshall, watu walioangukiwa na vumbi la bomu la Bravo la Machi 1, 1954, lenye nguvu ya megatani 15, walirudishwa kwao mwaka 1957, kisiwa kikiwa bado kimechafuka, wakaendelea kupimwa na madaktari wa Marekani mwaka hadi mwaka. Walipimwa kuliko pengine jamii yoyote duniani. Mwaka 1985 waliamua wenyewe kuhama, wakachukuliwa na meli ya Greenpeace, kwa sababu walikuwa wameacha kuamini kilichokuwa kinaandikwa kuwahusu. Kwa hiyo hapana, kupima peke yake hakutoshi, na upimaji unaomilikiwa na aliyesababisha madhara yanayopimwa ni mbaya kuliko kutopima. Ila ukiitazama vizuri tofauti ya St. Louis na Rongelap haiko kwenye mashine. Iko kwenye nani aliuliza swali, nani alishika majibu, na kama mwenye jino alirudishiwa hata kibeji.

Kwa hali hiyo masharti ya Ngara si magumu kuyaandika. Kampuni ilipe lakini isichague maabara wala isishike kumbukumbu. Utafiti upite kwenye kamati ya kitaifa ya maadili ya utafiti wa afya iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kama tafiti nyingine zote zinazogusa watu. Ridhaa iombwe kwa Kiswahili, na kwa Kihangaza au Kishubi kwa anayekihitaji, na mzazi aruhusiwe kukataa bila kuulizwa sababu. Majina yalindwe chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kila aliyepimwa apewe karatasi yake, na jumla ya kijiji isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kubandikwa ofisini, hata kama jumla hiyo inachosha kwa kutokuwa na lolote la kutisha. Vijiji vya mbali kidogo na mgodi vipimwe pia, na Biharamulo ichukuliwe kama wilaya ya pili, si kwa ajili ya nikeli bali kwa ajili ya zebaki yake ambayo hakuna kampuni ya kuidai. Huko fedha lazima zitoke kwa Serikali, ambayo iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Madiwani wa Ngara hawahitaji sheria mpya kuanza. Mpango wa huduma kwa jamii unarudi mezani kwao kila mwaka, na wana haki ya kuurudisha kwa kampuni wakisema kwamba safari hii, kabla ya madawati, wanataka chupa mia chache za mkojo na bahasha za meno, zikiwa na tarehe iliyotangulia baruti ya kwanza.